Uso wa Kituo cha Tano

Kaka mpendwa,

Kabla ya salamu kuna neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nisipoliandika sasa, mkono ukiwa bado na ujasiri, nitajaza karatasi hii habari za mvua na za kuku wa Shangazi, kisha nitatia sahihi na kufunga bahasha. Baba haoni. Sisemi kwamba macho yake yamechoka, kama anavyopenda kusema mwenyewe. Haoni. Anajua jua limetoka au limezama, anajua mtu akisimama mlangoni akaziba mwanga, lakini uso wa mtu hauoni tena, hata wangu. Na zile nyuso mpya za sanamu za Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne vya mateso ya Bwana, ambazo watu wanapanda kilima kuzitazama na kumsifu kwa ajili yake, si kazi ya mikono yake. Ni ya mikono yangu.

Basi, nimelisema. Sasa nikusalimie kama nilivyofundishwa.

Shikamoo, kaka. U hali gani huko uliko? Kifua kimepona? Shangazi aliota umekonda, na unavyomjua Shangazi, tangu siku hiyo hakuna chakula kinacholiwa nyumbani bila yeye kuuliza kama nawe umekula. Anauliza kwa sauti ndogo, hata Baba asipokuwepo. Ni mzima, anakusalimu, na amenituma nikwambie kwamba shati lako la bluu bado analo na hajampa mtu, ingawa walioliomba ni wengi.

Mimi nami sijambo. Nimemaliza shule, matokeo bado. Wenzangu wengine wamekwenda kujifunza ushonaji, wengine kompyuta. Mimi nililetwa huku kilimani nimpikie Baba na kumfulia, kwa kuwa, alisema Shangazi, msichana asiyesema na watu anafaa kukaa na mawe. Alikuwa anatania, lakini hakukosea sana. Tunakaa katika vile vyumba viwili nyuma ya bweni la mahujaji. Chumba changu ndicho kilichokuwa stoo ya saruji, unakikumbuka, na hata nikifagia vipi, asubuhi naamka na vumbi la kijivu kwenye nyusi kama bibi kizee. Zege, yule kibarua mkubwa wa kuchanganya mchanga, akiniona huniamkia shikamoo.

Kaka, nataka kukurudisha kwenye siku ile uliyoondoka. Sikurudishi ili nikuumize. Nakurudisha kwa sababu uliondoka umeona upande mmoja tu wa jambo, na upande wa pili niliambiwa na Zege mwenyewe.

Ulisema mbele ya Padri, mbele ya katekista, mbele ya vibarua wote, kwamba uso wa Bwana kwenye Kituo cha Nne una jicho moja shavuni. Ulisema, "Baba, huoni." Watu wakacheka. Najua hukutaka wacheke. Baba akakujibu kwamba kama haoni, basi hakuoni na wewe, uende zako. Ukaweka chini koleo, ukachukua begi, ukashuka kilima. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni kwamba vibarua walipokwenda kula, Baba alibaki peke yake pale kwenye Kituo cha Nne. Zege alikuwa amesahau kofia yake, akarudi kuichukua. Akamkuta Baba amesimama, vidole vyake viko juu ya uso ule, vinatembea taratibu kutoka jicho moja kwenda jingine, vikarudi, vikaenda tena. Kisha Baba akainama, akapapasa chini mpaka akaipata nyundo, akauvunja uso wote. Vibarua waliporudi alisema mchanga ulikuwa mchafu. Zege alikemewa kwa ajili ya mchanga ule mbele ya wote, na hakufungua mdomo. Aliponisimulia, alisema kukemewa kwa kosa la mchanga si kitu, mchanga hauna haya.

Kwa hiyo alijua, kaka. Alijua siku ileile kwamba ulisema kweli. Lakini kwa Baba kuna maneno yakishatoka hayana mlango wa kurudia.

Mimi nilipohamia huku sikujua bado kwamba ulisema kweli. Niliona tu kwamba anatembea mkono wake ukiwa begani kwangu, na kila anayetupita anaambiwa magoti yanauma. Akina mama wa kwaya walimhurumia, wakamletea dawa ya kuchua, inanuka kuliko mafuta ya taa. Kila jioni Baba anakaa kitini, anapandisha suruali, anachua magoti mazima kwa bidii, uso wake mzito kama mtu aliye kwenye sala. Siku ya kwanza nilimwonea huruma. Sasa huwa nauma shuka nisicheke, kisha natamani kulia.

Nilitambua mchana mmoja, alipokuwa anaujenga uso wa Veronika, Kituo cha Sita. Nilimpelekea chai. Alikuwa na kile kijiko chake alichokinoa ncha, kile cha kuchongea macho, lakini hakuwa anachonga. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, midomo ya Veronika imefunga au imefunguka. Uso ulikuwa mbele yake, karibu kabisa na pua yake. Nikajibu kwamba imefunguka. Akauliza imefunguka kiasi gani. Nikautazama uso ule, kisha nikamtazama yeye. Chai ilipoa. Halafu akanyoosha mkono, akaupata mkono wangu, akaniwekea kijiko kiganjani na kunikunja vidole juu yake. Hakusema haoni. Mpaka leo hajawahi kulisema neno hilo. Alisema tu, "Mama, fanya wewe, mimi nitakwambia."

Tangu hapo tukafunga turubai kuzunguka kila kituo tunachokijenga, na hata cha Nne tuliporudi kukipa uso mpya. Baba aliwatangazia watu kwamba jua linakausha saruji upesi mno na nyuso zitapasuka. Ni kweli jua linakausha saruji. Ndani ya turubai, yeye anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaongea, na mimi nafanya. Unakumbuka nilivyokuwa nikiiba saruji iliyobaki na kufinyanga wanasesere, nawe unawavunja? Sikujua kwamba yale yalikuwa masomo. Baba aliniambia kwamba uso hauanzi na macho, unaanza na taya. Aliniambia macho ni matundu tu, kinachoona ni kivuli, na nikitaka mtu wa mawe atazame, nimpe kivuli cha kutosha chini ya kope. Uso wa Veronika niliubomoa tena na tena. Saruji haimsubiri mtu mwenye haya, ikishaanza kukaza inakuacha ulipo. Nikimaliza, Baba analowesha vidole, anaupitia uso mzima polepole, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Akifika penye kosa, kidole kinasimama, nami nakirekebisha. Kikipita bila kusimama, moyo wangu unaruka.

Watu wakaanza kusifu. Nikiwa ndani ya turubai nilimsikia Zege akimwambia mwenzake kwamba Fundi anazeeka miguu lakini mkono unazidi kuwa mtamu. Mwenzake akajibu kwamba hata mapapai huwa hivyo. Nilicheka peke yangu. Unanijua, kaka, mtu akinisifu usoni natamani ardhi inimeze. Kusifiwa bila kuonekana kulinifaa sana. Lakini nikilala nawaza kama ni uongo, na kama ni uongo, ni wa kwangu au ni wa Baba. Sijaenda kuungama. Najua yanayosemwa kwenye kitubio padri hayatoi nje, lakini Padri ndiye aliyempa Baba kazi hii, na nikipiga magoti pale nitamfikiria anavyomtazama Baba kesho yake. Ndiyo maana naungama kwako.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nitafute karatasi.

Ulipoondoka, kazi ilikuwa imefika Kituo cha Tano. Wewe mwenyewe ulikuwa umekwisha kukunja nondo na waya za Simoni wa Kirene, yule aliyekamatwa amsaidie Yesu kuchukua Msalaba. Baba alikiruka. Alikwenda cha Sita, cha Saba, akaendelea kupanda, na Simoni akabaki vilevile, mifupa ya waya kando ya njia, inashika kutu, mkono mmoja juu. Padri akiuliza, Baba anajibu kwamba waya lazima zitulie kwanza. Mahujaji hawakusubiri waya zitulie. Kuna mama mmoja mzee anayekuja kila Ijumaa na kiti chake kidogo. Vituo vyote anasali amesimama, akifika pale penye waya tupu ndipo anapokaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, na unajua mimi kumuuliza mtu si jambo dogo. Akasema huyu hajamaliziwa, maskini, hana hata uso, mtu akimpita hivihivi atajisikiaje.

Zaidi ya mwezi mmoja uliopita Padri alipanda mwenyewe, akatukuta tunamalizia Kaburi, akasema kwa upole kwamba Askofu amekubali kuja kubariki Njia ya Msalaba katika Kwaresima, na hawezi kubariki vituo kumi na vitatu. Baba akasema sawa, Padri. Kesho yake tulishuka na turubai mpaka Kituo cha Tano.

Mwili tuliuvika saruji bila shida, kwa sababu mifupa yako ilikuwa mizuri. Baba alipapasa mikunjo ya waya kwenye bega, akakaa na mkono pale kwa muda, akasema tu kwamba bega hili litabeba. Ulipofika wakati wa uso, aliniambia nisimfanye Simoni kuwa mtakatifu. Alisema mafundi wote wanakosea hapo, wanampa uso wa sala. Mtu ametoka shambani, amechoka, anawaza kwake, askari wanamkamata mbele za watu na kumtwisha mzigo asioujua, halafu awe na uso wa sala? "Mpe hasira, mama," akasema. "Mpe hasira ya mtu mwema."

Kaka, hasira ya mtu mwema mimi nimeiona mara moja tu. Siku ile nilikuwa nimeleta chakula kutoka nyumbani, nimesimama nyuma ya pipa la maji, na ulinipita umebeba begi bila kuniona. Taya imekaza, tundu za pua zimefunguka, macho yako chini kwenye njia. Sikukusudia. Nilianza na taya kama nilivyofundishwa, na taya ikawa yako. Nikasema moyoni nitabadilisha pua. Pua nayo ikaja yako, na masikio yako, yale ambayo Shangazi husema ulipewa mawili ya mtu mwingine. Wewe wa siku ile umo kwenye vidole vyangu, na vidole havikusikia nilipovikataza.

Kitu kimoja tu nilikiacha. Lile kovu lako juu ya jicho la kulia sikuliweka. Niliogopa. Nilijiambia kwamba bila kovu, ni mtu yeyote tu mwenye masikio makubwa.

Nikamwambia Baba tayari. Akalowesha vidole kwenye kopo, akasimama. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa turubai. Vidole vyake vilianza kwenye kidevu, vikapanda taya, vikasimama. Nilingoja aniambie kosa. Vikaenda kwenye sikio, vikalizunguka sikio lote, vikarudi. Vikapita pua, vikapita mashavu, sasa mikono yote miwili, na nilisikia pumzi yake imebadilika. Nje Zege alikuwa akiburuta koleo na kuimba vibaya. Mkono wa kushoto ulipofika juu ya jicho ulipapasa pale palipo laini, ukapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi kwenye ukuta anaoujua.

Hadithi ya kovu lile unaijua wewe kuliko mimi, lakini Shangazi amenisimulia mara nyingi. Kwamba ulikuwa mdogo, ukapanda juu ya matofali ya Baba ukaanguka nayo, na Baba alikubeba mpaka hospitali kwa miguu, kidole gumba chake kimeziba jeraha njia nzima, na mlipofika muuguzi ilibidi amwambie, Mzee, sasa unaweza kuuondoa mkono.

Baba akaweka kidole gumba palepale, kaka. Hakukosea hata kidogo. Akakibonyeza kwenye saruji, akakivuta pembeni kidogo, akakitoa. Kovu likawepo. Ndiyo alama pekee ya mkono wake katika nyuso zote za kilima hiki tangu ile ya Nne aliyoivunja.

Kisha akaniuliza macho nimeyafanya yanatazama wapi. Nikasema yanatazama chini, njiani. Nilifikiri ataniambia nibadilishe. Akafikiri, akasema ni vizuri, yaache, kwa sababu mtu akiwa anapanda kutoka bondeni, pale kwenye kona, macho yao yatakutana. Akaniambia nifunike kwa magunia yenye maji na nihakikishe hakauki upesi, asije akapasuka. Akatoka nje ya turubai akisahau kuniwekea mkono begani, na nikamkimbilia.

Katekista alikuja kumwangalia Simoni baada ya siku chache. Aliguna, akazunguka, akauliza ni mtu wa Mungu gani huyu aliyenuna hivi, anaonekana kama kaamshwa usingizini kwenda kusukuma gari. Baba alimjibu kwamba siku ile bado hakuwa mtu wa Mungu, alikuwa mpita njia. Katekista akasema kovu halimo katika Maandiko. Baba akasema hata masikio hayamo, tuyatoe? Zege alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Baada ya kicheko hicho Zege alimtazama Simoni vizuri kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi, kisha akachukua ndoo na kwenda zake. Nadhani amekujua. Hatasema. Hakusema hata kuhusu mchanga.

Yule mama wa Ijumaa naye amekuja. Alisimama mbele ya Kituo cha Tano, akasali amesimama kama kwenye vingine, na kiti chake akakiacha kimekunjwa.

Kaka, sikuandikii ili usome habari tu. Nakuomba uje. Njoo kabla ya siku ya kubariki, watu wasijae. Baba anasema hospitali ya macho ataiona kazi ikiisha, na kazi imekwisha, na sasa anasema baada ya Pasaka. Mimi hanisikilizi. Nikilitaja jambo hilo anachua magoti. Ninaogopa kwamba ule mwanga kidogo uliobaki, ule wa mtu akisimama mlangoni, nao utakwenda, na mimi nitakuwa nimekaa nao kimya kama nilivyozoea kukaa kimya na kila kitu. Wewe ulikuwa na moyo wa kusema. Uje useme tena, ila safari hii umwambie mkiwa wawili. Na tafadhali usimwambie kwamba ulikuwa sahihi. Hilo analijua, alikwisha kulisoma kwa vidole.

Saruji mpya, unajua, inataka maji kila siku mpaka ikomae. Vituo vingine kazi hiyo ni ya vibarua. Cha Tano amekataa. Kila asubuhi ananiamsha, ananishika bega, tunashuka, ananyanyua magunia mwenyewe, anamwaga maji kutoka kichwani taratibu, anapapasa kama kuna ufa, anafunika tena. Saruji imekwisha kukomaa siku nyingi, hata mimi najua. Bado anakumwagilia maji.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi. Shangazi anasema ule, na mimi nasema vilevile. Mungu akulinde njiani.

Na haya niliyokuandikia, ya macho ya Baba na ya mikono yangu, yabaki kwako. Asijue hata rafiki unayekaa naye, asijue Shangazi, na Baba asijue kamwe kwamba nimekuandikia. Nyuso zile ni zake. Ukipanda kilima na kufika kwenye kona, macho yenu yakakutana, nakuomba, kaka, tembea kama mtu aliyeona jiwe tu.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya